Neno Lenye Macho Mawili

Mimi hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Nawaambia mapema, ili mjue mnazungumza na nani. Nimeona lori langu mwenyewe, limejaa magunia ya unga, likirudi kinyumenyume bila dereva na kusimama mlangoni mwa kituo cha polisi kama vile limeitwa. Nimeona noti za nchi hii zikilala pesa na kuamka karatasi za kufungia karanga. Nimeona wakubwa waliokuwa wakifunguliwa mlango wa gari wakiniomba baadaye niwapandishe juu ya mizigo. Darasa la tano sikulimaliza. Nilianza na miguu mitupu na gunia moja la makaa, na leo malori sita yana jina langu ubavuni, tena kwa rangi nyekundu. Mtu kama huyo utamshangaza na nini?

Na kumbe mwaka jana, huko Lubumbashi, kidole kimoja tu kilinitoa jasho.

Nilikuwa nimeanguka kutoka juu ya lori nikiwaonyesha vijana wangu jinsi ya kukaza turubai. Kijana mmoja akasema patron, yaani bosi, asiende nyumbani kabla ya kuonwa na daktari. Nikaenda nikicheka. Mlango wa ile kliniki ulikuwa unanuka kafuri, ile dawa kali ya kusugua misuli, na harufu ile ilinishika shingoni hata kabla sijaketi. Daktari akaja, mtoto mdogo kuliko kitinda mimba wangu, amevaa miwani. Akainua kidole kimoja mbele ya pua yangu.

"Papa, vidole ngapi?"

"Moya," nikasema.

Lakini sauti niliyoisikia haikuwa ya daktari. Ilikuwa ya mtu mwingine, nzito, ya pua iliyovunjika: "Iwe mwana, macho ngapi?" Jasho likanitiririka mpaka kwenye mkanda wa suruali. Daktari akafikiri nazimia, akaita muuguzi. Sikuwa nazimia. Nilikuwa nimerudi Kolwezi.

Wakati ule nchi iliitwa Zaire, mto Zaire, pesa Zaire. Ukimwuliza mtu njia uliogopa asije akajibu Zaire. Niliingia shuleni nikiitwa Fidèle, majina ya kizungu yakapigwa marufuku, nikatoka naitwa Ilunga. Tulikaa kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi, nyumba za matofali zimepangwa mistari kama askari, vumbi jekundu mpaka ndani ya sufuria ya bukari, ugali wetu, na king'ora kilichotuambia saa ya kuamka, saa ya kula na saa ya kuogopa. Maana king'ora kikilia saa isiyokuwa yake, wamama wote walitoka milangoni na kusimama kimya, kila mmoja akihesabu wa kwake.

Kwetu ngumi ilikuwa salamu. Mwalimu alikupiga kwa sababu hukujua; ukifika nyumbani baba alikupiga kwa sababu ulipigwa. Kwenye bomba la maji wasichana walipigana kwa ndoo, sisi tulipigana kwa mawe, na mlevi wa Jumamosi alipigana na nguzo ya umeme. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili hivi, hapakuwa na mvulana wa mtaa wetu mwenye meno yote ya mbele. Mimi nilikuwa nayo. Ndipo Tata Mwape aliponiona.

Tata Mwape, tata kwetu ni baba, alikuwa anaziba matundu ya tairi kwenye kibanda nyuma ya baa. Mtu mfupi, pua imebonyea kama kijiko, sikio la kushoto limekunjamana kama uyoga uliokaushwa juani. Alikuwa Mubemba wa ng'ambo ya mpaka, wa kusema iwe badala ya wewe. Alifanya kazi kwenye migodi ya Zambia na kupigana ngumi huko hadi sikio lake likawa lile. Nyuma ya kibanda alikuwa amening'iniza gunia la kupigia, lililoshonwa kwa mpira mnene wa ule mkanda unaobeba mawe ya shaba kiwandani. Ndani yake mchanga na unga wa mbao. Jua likipiga, mpira ule ulinuka kama tairi inayoungua, na ukiupiga bila kujua, ngozi ya vidole ilibaki juu yake. Damu za vijana wa miaka mingi zilikuwa zimeutia rangi. Juu ya harufu hiyo weka kafuri aliyotusugulia mabega, ndiyo utoto wangu wote huo.

Sasa, ukuta wa kibanda ulikuwa wa mabati, na juu ya mabati hayo Tata Mwape alikuwa ameandika kwa chaki maneno ya Kiingereza. Manane tu. FOOD, chakula. FOOT, mguu. TOOTH, jino. BLOOD, damu. WOOD, mbao. MOON, mwezi. DOOR, mlango. ROOM, chumba. Kila neno lilikuwa na duara mbili katikati, zimekaa bega kwa bega, na sisi tuliziita macho. Tata Mwape hakuweza kuandika barua kwa mama yake, lakini zile duara alizichora taratibu, ulimi nje, kama mtu anayepanga mayai. Mvua ikizifuta, kesho yake alizichora upya kabla ya kufungua kazi.

Na hivi ndivyo alivyotufundisha. Mnapigana raundi moja, mnapigana kweli, maana Tata Mwape hakupenda ngumi za kuchezacheza. Halafu unaketi juu ya kreti la bia, unahema, pua inachuruzika. Anachukua fimbo, anagusa neno moja.

"Hii?"

"DOOR."

"Maana?"

"Mulango, tata."

"Macho ngapi?"

Hapo ilibidi uonyeshe kwa vidole. Mbili. Ukionyesha sawa, unarudi kupigana. Ukisitasita, ukitaja neno lingine, ukihesabu vibaya, anakuvua glavu na unakaa juma zima bila kurusha ngumi. Unafagia. Unachota maji. Wenzako wanakucheka.

Kuna mmoja aliitwa Kaumba, mnene, mwenye moyo mzuri. Siku moja nilimpiga ngumi ya taya hadi akakaa chini kama gunia la mihogo lililokatwa kamba. Akawekwa kwenye kreti. MOON, akasema. Mwezi. Macho ngapi? Akakodoa, akakodoa, akainua vidole vitatu. Sisi tulicheka tukagaagaa vumbini. Tata Mwape hakucheka. Alimbeba Kaumba mgongoni, na uzito wake wote ule, mpaka kwa mama yake, akamwambia mtoto asikimbie, asibebe ndoo, asipigwe na mtu hata kwa kandambili. Kaumba alikaa kivulini juma zima akila kama mfalme, na jina la Macho-Matatu likamganda hadi alipooa.

Sisi tulijua sababu, au tulifikiri tunaijua: mzee ni mkali kwa wajinga. Anataka tujue Kiingereza. Na mimi, ambaye shuleni nilikuwa wa mwisho kwa kila kitu, huko kibandani nikawa profesa. Niliyashika maneno yote manane kwa kichwa, kwa mpangilio wake, kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu. Sikuhitaji hata kutazama. Fimbo ikipanda juu, FOOD. Ikishuka kidogo, FOOT. Macho mbili, mbili, mbili! Niliwafundisha wenzangu wimbo wake, tukawa tunauimba tukienda kuokota kuni. Siku moja dereva wa lori kutoka Zambia alisimama barabarani kuuliza njia. Nikamsogelea kifua mbele, nikamsalimu kwa Kiingereza changu chote: "Food! Foot! Tooth! Blood!" Yule mtu alinitazama, akafunga kioo, akaondoka kwa kasi akielekea njia isiyokuwa yake.

Basi nikakua. Mikono yangu ikawa mirefu, ngumi ya kulia ikawa nzito, na jina langu likaanza kutajwa kwenye baa. Mwaka huo huo chuma kilimwangukia baba mguuni kazini. Akarudi nyumbani na gongo moja na hasira za watu watatu. Alikaa mlangoni mchana kutwa akimtupia maneno kila apitaye. Mama alikuwa na msemo wake: nyumba ya kambi ni koti la kuazima, mwenyewe akisikia baridi atalidai. Na kweli, alikuja mtu wa ofisi, akasimama barazani bila kuketi, akasema nyumba ni ya wenye kufanya kazi. Mwisho wa mwezi tuhame. Tulikuwa watoto saba, na mama alikuwa na mimba ya wa nane.

Ndipo mkubwa wa klabu ya michezo ya mgodi alipokuja. Mtu wa abakosti, ile suti ya wakubwa wa Zaire isiyo na tai, iliyopigwa pasi, viatu vinang'aa hadi vumbi liliviogopa. Akamwambia baba, mbele yangu:

"Tata, mutoto wako iko na mukono. Siku ya Mungu atapigana na ule wa kambi ingine, ule Nyundo. Akishinda, mi namuingiza ku ateliye ya mugodi, anajifunza kazi, anapata namba ya mufanyakazi. Nyumba inabakia mu jina yake. Minasema mbele ya Mungu."

"Na akishindwa?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Mama, mi siko Mungu."

Kuanzia siku ile sikuwa tena Ilunga. Nilikuwa nyumba. Nikila, mama alinitazama kama mtu anayetia saruji kwenye msingi. Baba aliacha kunipiga, jambo lililonitisha zaidi. Tata Mwape alinifanyisha kazi hadi nikatapika kwenye pipa la maji ya tairi, na kila jioni alinisugua kafuri akirudia neno lile lile: "Iwe mwana, ngumi unaweza kuirudishia mutu. Lakini kichwa haiuzishwe ku soko." Nilimjibu ndiyo tata, ndiyo tata, akili yangu ikiwa kwa Nyundo.

Jumapili ikafika. Uwanja wa baa ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya ukuta. Kambi yetu upande huu, kambi yao upande ule, katikati kamba nne na vumbi lililomwagiwa maji. Nyundo alikuwa mkubwa kuliko mimi kwa kichwa kizima, na shingo hakuwa nayo. Raundi ya kwanza, semeni mnavyotaka, ilikuwa yangu. Nilimfungua nyusi kwa mkono wa kulia. Nikampiga mbavuni nikasikia pumzi ikimtoka kama tairi iliyochomwa msumari. Nikampasua mdomo, damu yake ikaniruka usoni, ya moto, ya chumvi, nikailamba. Watu wetu walipiga masufuria. Nilimwona baba amesimama kwa mguu mmoja, gongo lake liko hewani.

Raundi ya pili Nyundo alikuja ameinamisha kichwa kama ng'ombe. Sikuiona ile ngumi. Ilitoka ubavuni ikanikuta juu ya sikio, na ndani ya kichwa changu king'ora cha mgodi kikaanza kulia. Sikuanguka. Sikieni vizuri: sikuanguka. Niliendelea kupiga, sijui nilikuwa nampiga nani, watu wanasema nilipiga hata kamba. Nyundo akaniongezea ya tumbo na nyingine kwenye kidevu. Kengele ikagongwa, mtu akanishika mkono akanikalisha juu ya kreti.

Uso wa Tata Mwape ulikuwa mbele yangu, mkubwa, unakuja na kurudi. Siku ile alikuwa amechukua kibao kidogo cheusi badala ya ukuta. Akakiinua.

"Hii?"

Niliona duara. Nikasema la kwanza lililokuja: "ROOM."

"Maana?"

"Chumba."

"Macho ngapi?"

"Mbili!" nikapiga kelele, nikainua vidole. "Mbili, tata! Nirudishe!"

Alinitazama jicho la kulia, akanitazama jicho la kushoto. Halafu akachukua taulo iliyokuwa begani mwake akaitupa katikati ya ulingo.

Watu wetu wakashusha masufuria. Mwamuzi akainua mkono wa Nyundo, ambaye mwenyewe alikuwa anatema meno na hakuelewa kwa nini anapongezwa. Mkubwa wa klabu alisimama, akakung'uta abakosti yake, akaenda zake bila kugeuka. Nikaona nyumba yetu inaondoka naye, mlango, madirisha, mama na sufuria zake.

Nikamnyang'anya Tata Mwape kile kibao. Nikakisogeza karibu na uso, nikafumba jicho moja, na ndipo nikaona. Jicho la pili la lile neno halikuwapo. Alikuwa amelifuta kwa dole gumba. Alama ya kidole bado ilikuwa pale, nyeupe. Limebaki moja tu.

"Amefuta!" nikapiga kelele. Nilikinyanyua kibao juu ya kichwa, nikawageuzia watu. "Angalieni! Amefuta jicho! Ameniibia!"

Wengi wao hawakujua kusoma, lakini kibao kilichofutwa kila mtu anakijua. "Amekula falanga ya bale ba kule!" sauti moja ikasema, maana yake amehongwa na kambi ya Nyundo, na sauti ya pili haikusikika tena, ilikuwa moja tu ya watu wote. Baba ndiye aliyefika kwanza. Alimpiga gongo la shingo, Tata Mwape akapiga goti. Halafu wakaja wengine. Walimpiga kwa viti, walimpiga kwa makreti, mwanamke mmoja alimpiga kwa kisigino cha kiatu hadi kisigino kikabaki kwake. Chupa ilipasukia kichwani mwake nikasikia mlio wake, mkavu, kama kuvunja karanga. Yule mtu angeweza kulaza nusu ya uwanja ule. Nilikuwa nimeuona mkono wake ukitoboa debe. Lakini hakuinua ngumi hata mara moja. Alikunja viwiko juu ya kichwa, akangoja, kama mtu anayengoja mvua ipite.

Mvua ikapita. Watu walichoka, wengine wakarudi kwenye bia. Baba alikuwa anatafuta gongo lake lililovunjika. Nilikuwa nimekaa nje ya kamba, kichwa kinalia, bado nimekumbatia kibao kama ushahidi. Tata Mwape alitambaa hadi kwenye kreti, akajivuta, akaketi. Shati lake lilikuwa limebadilika rangi. Akanitazama, au alitazama upande wangu.

"Ilunga. Andika moya. Uniulize."

Nilidhani amerukwa na akili. Nikaokota kipande cha chaki, nikaandika MOON, nikaandika vibaya kwa hasira. Halafu, kwa kuwa nilikuwa na hasira, nikafanya alivyonifanyia: nikalamba dole gumba nikafuta jicho moja. Nikamwinulia kibao karibu kabisa.

"Hii?"

"MOON."

"Maana?"

"Mwezi."

"Macho ngapi?"

Alikawia. Damu ilikuwa inamshuka kwenye nyusi, akaipangusa, akatazama tena.

"Mbili."

"Iko moya!" nikacheka, nikacheka kwa sauti ili watu wasikie. "Iko moya, tata! Weye mwenye kutufundisha, hata weye hauyue kuhesabu!"

Hakukasirika. Alinyoosha mkono, akapapasa kibao kwa vidole kama kipofu, mpaka akapagusa pale palipofutwa. Halafu akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeletewa habari aliyokuwa anaijua.

"Muzuri," akasema. "Sasa unayua kuuliza."

Akasimama kwa kushika kamba. Akaniambia neno moja zaidi: usiku huo nisilale peke yangu, mama awe ananiamsha-amsha mpaka asubuhi, na ngumi nisiguse tena, si juma hili, si lile. Mke wake, mwanamke mwembamba ambaye tulikuwa tumezoea kumwona tu akianika nguo, alikuja akamshika kiunoni, wakaondoka wakipita katikati ya watu, na hakuna aliyewapisha.

Nilimwambia mama yale maneno kama mzaha. Mama alikuwa amelia hadi sauti ikaisha, amemtukana Tata Mwape na ukoo wake wa ng'ambo wote. Lakini aliniamsha. Kila nilipofumba macho alinivuta sikio, lile zima, akaniuliza jina langu, akaendelea kulia. Asubuhi tulisikia kwamba kibanda kimefungwa. Tata Mwape na mke wake walikuwa wamepanda treni ya kwenda Dilolo. Watu wakasema: mnaona? Mwizi amekimbia na falanga zake.

Mwisho wa mwezi tulihama. Mambo ya miaka iliyofuata sina haja ya kuwasimulia, yamo kwenye mikono yangu: gunia la makaa, baiskeli, lori la kwanza lililokuwa na breki upande mmoja. Nilijijenga mwenyewe, hakuna aliyenipa hata msumari. Ila kila nilipoambiwa nimshukuru mtu aliyenifundisha maisha, nilitema mate chini na kutaja jina la Tata Mwape. Nilisema yule ndiye aliyenifundisha kwamba mtu atakayekuuza ndiye anayekusugua mabega.

Sasa rudini nami kwa yule mtoto wa miwani. Baada ya lile jasho alinipeleka kwenye mashine, akapiga picha ya kichwa changu ndani. Akaitundika kwenye taa. Kichwa cha mtu ni kitu kibaya, kinafanana na kabichi lililokatwa. Akaonyesha kwa kalamu mahali juu ya sikio.

"Papa, pale ulipoanguka leo hakuna kitu. Lakini hapa kuna kovu la zamani sana. Damu ilivuja ndani ukiwa kijana. Ulipigwa na nini?"

Nikamwambia Nyundo. Akafikiri ni nyundo ya kweli.

"Na baada ya hapo ulipigwa tena?"

"Hapana. Walinisimamisha."

"Nani alisimamisha? Daktari?"

"Fundi wa tairi," nikasema.

Yule mtoto akaweka kalamu mezani. Akanieleza, kwa upole, kama anavyoelezwa mzee asiyesoma: ubongo ukishatikisika, mtu anaweza kusimama, akasema, akapigana hata, lakini macho yake hayasemi kweli, kitu kimoja anakiona viwili, viwili anaviona vitatu. Ngumi moja nyingine siku ile, akasema, ndogo tu, na wewe leo usingekuwa unanilipa mimi. Nilitaka kumjibu kitu cha kujisifu, kama kawaida yangu. Lakini nilikuwa naziona duara zile kwenye mabati, mbili mbili, na vijana wamepanga foleni kwenye kreti, na mimi profesa nikiwafundisha wimbo wa kujibu bila kutazama.

Nilimtafuta. Mtu mwenye malori sita hakosi habari. Nikaambiwa mke wake yuko Mutshatsha, kituo cha njia ile ya Dilolo, pale pale karibu na reli, anauza makaa. Nikamkuta mzee kabisa, lakini akanijua kwa mikono.

"Weye njo Ilunga wa kibao," akasema. Njo, kwetu, ni ndiyo.

Akaniwekea kiti. Akanisimulia bila haraka. Tata Mwape alikuwa na mdogo wake, huko Zambia, mpiga ngumi kumshinda yeye. Alishinda pambano, akarudi nyumbani akicheka, siku ya tatu akalalia sahani ya ugali na hakuinuka. Akiwa anaumwa alikuwa anasema taa ziko mbili, mlango uko mara mbili, na watu walimcheka. Baada ya mazishi Tata Mwape aliomba karani mmoja amwandikie maneno yenye duara mbili mbili, kwa lugha ambayo vijana wasiosoma hawawezi kubahatisha, ili mtu alazimike kutazama. Hayo ndiyo maneno manane. Akaenda nayo kila alikoenda.

"Na ile siku ya treni, mama?"

"Mu treni alikuwa muzuri. Alisema tu: mama, leo mwezi iko mbili, na ni muchana. Karibu na hapa akaomba mayi. Nikageuka kutafuta kikombe, kurudia kwake, amekwisha kufa. Treni haikungoja, tata. Njo nilibakia huku naye."

Alinipeleka kumwona. Ilikuwa tuta la udongo mwekundu, majani yamelifunika, na kichwani pameegeshwa kreti la bia, limeoza limebaki misumari na mbao mbili. Nikamwambia nitajenga kaburi ambalo gavana mwenyewe akipita kwenye treni atauliza ni la nani. Marumaru, uzio, paa. Yule mama akasema hapana. Saruji ya kawaida, tata, na kitu cha kusoma.

Nikaleta fundi, nikaleta mchora mabango wa huko huko Mutshatsha. Akaniuliza aandike nini, lini alizaliwa, lini alikufa. Sikujua hata kimoja. Nikamwandikia kwenye karatasi yale ninayoyajua, manane, kutoka juu kwenda chini. Alichora siku nzima, mgongo umepinda. Alipomaliza nikachukua kijiti, nikagusa la mwisho.

"Hii?"

"Patron, sijui hiyo lugha."

"Macho ngapi?"

Akanitazama kama yule dereva wa Zambia. Halafu akatazama ukuta wa kaburi, akatazama kweli. "Mbili," akasema.

"Muzuri."

Tata Mwape alisema kichwa hakiuzwi sokoni, na mimi nisiye na kitu cha kunishangaza niliamini hivyo hadi jioni ile, fundi alipoketi nami kupiga hesabu. Saruji, vyuma, mchanga, mchora mabango na rangi yake nyeupe. Pengine kichwa changu ndicho pekee chenye bei, na nimekilipa kwa kuchelewa, kwa noti mkononi, mbele ya mke wa Tata Mwape: dola mia mbili na kumi na saba.